Vumbi la Rudewa nalo lina mnunuzi

WAFANYABIASHARA wa Rudewa, Kimamba na Kilosa mjini wamezoea kuihesabu barabara ya vumbi katika upande wa hasara. Hawakosei. Gunia la mpunga linalotolewa shambani kwa baiskeli hadi ukingoni mwa lami hulipiwa mara mbili: kwanza kwa mwenye baiskeli, kisha kwa mnunuzi anayekata bei kwa kuwa lori lake halifiki huko ndani. Lami ya Dumila hadi Rudewa, kilometa 45, na kipande cha kilometa 24 kutoka Rudewa hadi Kilosa vimewapunguzia maumivu walio karibu na barabara kuu. Walioko ndani bado wanalipa.

Wiki hii tunaleta hoja ambayo baadhi ya wasomaji wataiona ya mzaha. Wapo watu wenye fedha zao ambao wanaikimbia lami. Hununua baiskeli kwa bei ya pikipiki mpya, mara nyingi zaidi ya hapo, huisafirisha kwa ndege ikiwa kwenye boksi, kisha hulipa ili waiendeshe siku nne au tano kwenye changarawe, vumbi na makorongo. Si wendawazimu. Wamechoka kugongwa na magari kwenye barabara za lami za kwao, na wanataka kufika mahali ambapo basi la watalii haliendi. Huu ni mchezo wa baiskeli za changarawe, na kwa miaka ishirini iliyopita umekua hadi Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli, UCI, likaanzisha mashindano yake ya dunia mwaka 2022, huko Veneto, Italia.

Picha zinazouza mchezo huo zinafanana sana: ziwa, msitu wa misindano, na njia ya udongo inayopotelea katikati. Vitu hivyo Kilosa na majirani zake wanavyo. Kutoka Kilosa njia inafuata bonde la Mto Mkondoa kuelekea Kidete na Ziwa Gombo, ambalo maji yake hupanda na kushuka kufuatana na mvua. Kaskazini kuna milima ya Ukaguru, yenye msitu wa asili juu na shamba la miti la serikali la Ukaguru, lililo katika Wilaya ya Gairo ambayo ilimegwa kutoka Kilosa mwaka 2012. Huko misindano, au paini kama wanavyosema wauza mbao, imesimama kwa mistari. Anayetaka msitu mkubwa zaidi ataendelea hadi Mufindi, kwenye shamba la Sao Hill na maji ya Ngwazi. Rudewa yenyewe haina ziwa wala misindano. Ina kitu kingine ambacho waendesha baiskeli hawa hukitafuta: njia za mashamba ya mkonge, zilizonyooka, tambarare, zisizo na malori mengi, zilizochongwa na wakoloni kwa ajili ya kutoa majani shambani kwenda kiwandani.

Na njia ya bonde la Mkondoa si ugunduzi wa mtu yeyote wa leo. Ndiyo iliyokuwa njia ya wapagazi kutoka Bagamoyo kwenda Mpwapwa na bara. Stanley aliipita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, na ziwa analoliita Ugombo katika maandishi yake ndilo hilo Gombo letu. Wapagazi walilipwa kwa nguo na shanga. Vijiji vya njiani viliwauzia chakula, na hapo ndipo fedha ya njia hiyo ilipobaki. Msomaji ashike jambo hilo, kwa sababu hesabu ya leo haitofautiani sana na ya wakati ule.

NANI ATABAKI NA FEDHA?

Wengi wanaozungumzia utalii huanza na idadi ya wageni. Mfanyabiashara aanze na swali la nani atabaki na fedha.

Kuna mji mdogo Marekani, katika jimbo la Kansas, unaitwa Emporia. Una watu wapatao 24,000, na kuuzunguka ni vilima vya nyasi, ng'ombe, na barabara za mawe makali yanayochana tairi. Hapakuwa na sababu ya mgeni kwenda huko. Mwaka 2006 watu 34 walikusanyika wakashindana kwa baiskeli maili 200, yaani kama kilometa 320, kwenye barabara hizo hizo mbovu. Leo mashindano hayo, ambayo tangu 2020 yanaitwa Unbound Gravel, huvuta maelfu ya waendesha baiskeli kila mwaka, na mji mzima hujaa. Hoteli, migahawa, maduka ya baiskeli, na hata wenye nyumba binafsi huvuna.

Habari hiyo ina upande wa pili. Mwaka 2018 mashindano yenyewe yalinunuliwa na kampuni ya Life Time, kampuni kubwa ya vituo vya mazoezi yenye makao yake Minnesota. Ada ya kuingia sasa inakwenda kwa mwenye kampuni. Kilichobaki mikononi mwa wenyeji ni kitanda, sahani, na fundi. Emporia haikulalamika sana, kwa kuwa vitanda, sahani na mafundi vilikuwa vyao tangu mwanzo. Mji usio na hivyo vitatu ungebaki na vumbi.

Karibu na kwetu, mwezi Juni 2021 yalifanyika kwa mara ya kwanza mashindano ya Migration Gravel Race huko Maasai Mara, Kenya, siku nne, kilometa takriban 650. Nyuma yake kulikuwa na kundi la Team Amani, ambalo nahodha wake, Suleiman Kangangi wa Kenya, alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka katika mashindano ya changarawe huko Vermont, Marekani. Nia ya watu hao ilikuwa njema: waendesha baiskeli wa Afrika Mashariki wapate kushindana na wakubwa wa dunia nyumbani kwao, pasipo kuhangaika na viza na nauli za Ulaya. Rwanda nayo imekwenda mbali zaidi. Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza katika bara la Afrika. Kwa hiyo mnunuzi yupo, na anaijua njia ya Afrika Mashariki. Tofauti ni kwamba bado hajaijua njia ya Rudewa.

Sasa chukua kalamu. Hizi ni namba za mfano tu, si bei za soko. Tuseme kundi la watu 12 linakuja wakati wa kiangazi na kukaa siku mbili kati ya Rudewa na Kilosa. Kila mmoja akitumia Sh 60,000 kwa siku kwa kulala, kula, maji, soda na fundi, jumla ni Sh 1,440,000. Makundi sita kwa msimu ni Sh 8,640,000. Fedha hizo zikigawanywa kwa gesti mbili, mama lishe watatu, fundi mmoja na vijana wawili wa kuongoza njia, kila mtu ana cha kupeleka nyumbani, ingawa hakuna atakayejenga ghorofa.

Geuza karatasi. Tuseme kundi lile lile la watu 12 limeletwa na kampuni kutoka Arusha au Dar es Salaam, na gari la mizigo, mpishi, mahema, maji ya chupa kwa katoni, na fundi wake. Watapita Rudewa saa nne asubuhi. Watasimama dakika ishirini, watanunua ndizi na soda kumi na mbili, watapiga picha na watoto, basi. Jumla pengine Sh 25,000. Kampuni hiyo hatuilaumu. Haiwezi kuweka jina lake rehani kwa gesti isiyo na maji na fundi asiye na kipuri. Inabeba kila kitu kwa sababu haijui kama itakikuta.

Tofauti ya Sh 1,440,000 na Sh 25,000 haitokani na uzuri wa milima ya Ukaguru, ambayo ni ile ile katika hesabu zote mbili.

FUNDI KWANZA

Kwa maoni ya safu hii, mtaji wa kwanza uende kwa fundi baiskeli, kabla ya gesti na kabla ya mabango. Sababu ni moja: fundi ana wateja tayari. Baiskeli za Rudewa hazingoji mtalii. Zinabeba mkaa, mpunga, mahindi, madumu ya maji, wagonjwa na wanafunzi. Kila moja inahitaji kiraka, spoki, mpira wa breki, na kuwekwa sawa rimu iliyopinda kwa mzigo uliozidi. Tuseme fundi anapata Sh 8,000 kwa siku, siku 300 kwa mwaka: hiyo ni Sh 2,400,000 hata kama hakuna Mzungu hata mmoja aliyepita. Mgeni akija, anakuwa nyongeza. Asipokuja, duka halifungwi. Biashara ya utalii inayosimama juu ya mguu wa mteja wa kijijini ndiyo pekee tunayoweza kumshauri mtu wa mtaji mdogo aiguse.

Lakini fundi huyo akibaki na vipuri vya Phoenix peke yake hatamsaidia mgeni, na hapa ndipo wauza vipuri wanapaswa kusikiliza. Tairi ya Phoenix ya inchi 28 inakaa kwenye rimu yenye kipenyo cha milimita 635. Tairi ya baiskeli ya changarawe, ile inayoandikwa 700, inakaa kwenye milimita 622. Tofauti ni milimita 13, na inatosha kabisa tairi isikamate. Mgeni aliyechanika tairi Rudewa akikuta duka limejaa tairi za 28 anakuwa kama mwenye kiu baharini.

Habari njema ni hii: baiskeli za milimani zinazoandikwa inchi 29 zina kipenyo hicho hicho cha milimita 622. Tairi ya 29 iliyo nyembamba, na hasa tyubu yake, inaweza kumwokoa mtu wa changarawe hadi mjini, mradi upana uingie kwenye fremu. Mwenye duka akiweka tyubu nne na tairi mbili za 29 hapotezi kitu, kwa kuwa vijana wenye baiskeli za namna hiyo watazinunua hata mgeni asipotokea. Aangalie pia vali. Nyingi za baiskeli hizi zina tundu la rimu jembamba lisiloruhusu vali nene ya baiskeli zetu. Tyubu ya vali nyembamba huingia popote. Ile nene haiingii. Pampu nayo iwe na kichwa cha aina zote mbili.

Aidha wengi wao siku hizi hawatumii tyubu kabisa. Ndani ya tairi humwaga dawa nzito ya majimaji inayoziba tundu dogo yenyewe. Fundi asiyeijua ataivua tairi, atakuta uji mweupe, atadhani ni uharibifu na ataufuta. Kumfundisha fundi jambo hilo ni kazi ya mchana mmoja. Kumfundisha kukaza breki za diski na kuunga cheni nyembamba ya gia 11 au 12 ni kazi ya wiki. Vifaa vyake si vingi: kikata cheni kizuri, funguo za pembe sita, viungio vya cheni vya kubahatisha viwili vitatu. Mtu mwenye duka la vipuri Kilosa anayetaka kuweka fedha katika biashara hii, basi amgharimie fundi mmoja akae wiki mbili na fundi wa baiskeli za kisasa Dar es Salaam au Arusha. Ni ghali kidogo kuliko bango la rangi, na haipauki kwa jua.

TRENI, MVUA NA MKOPO

Tangu Julai 2024 treni ya umeme ya reli ya kisasa inatembea Dar es Salaam hadi Dodoma, na Kilosa ina kituo. Hili ndilo badiliko kubwa kuliko yote. Wilaya ambayo mgeni aliifikia kwa kuchoka sasa anaifikia kwa saa chache, akiwa bado na nguvu miguuni. Mkazi wa Dar es Salaam mwenye baiskeli anaweza kuondoka Ijumaa na kurudi Jumapili, na huyo ndiye mteja tunayemtaka zaidi kuliko wa Ulaya. Haulizi kiwango cha kubadili dola, anakula ugali, na akiridhika atarudi mwezi ujao na wenzake sita. Anayetaka kuanzisha safari za namna hiyo apate kwanza kwa maandishi kutoka Shirika la Reli, TRC, utaratibu wa kubeba baiskeli: ifunguliwe, ifungwe kwenye mfuko, au ilipiwe kama mzigo. Bila karatasi hiyo safari nzima inategemea huruma ya mtu wa getini.

Mvua isifanyiwe mchezo. Bonde la Mkata lilimtesa Stanley katika masika ya 1871 na halijabadili tabia. Udongo mweusi wa mbugani ukilowa hujaa kati ya tairi na fremu hadi gurudumu linagoma kuzunguka, na mtu hubeba baiskeli badala ya baiskeli kumbeba. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yalivunja reli ya zamani katika Kilosa na kuwaacha maelfu ya watu bila makazi. Msimu wa biashara hii ni Juni hadi Oktoba. Miezi saba iliyobaki mtu awe na kazi nyingine, na hesabu ya mkopo ifuate kalenda hiyo.

Ndipo tunapofika kwenye mkopo. Tunajua tabia ya soko letu: ikisikika habari ya wageni, watu hukimbilia VICOBA na SACCOS, wanajenga vyumba sita, wanapaka rangi, wanangoja. Marejesho hayangoji. Kwa biashara hii asikope mtu kujenga. Mwenye gesti tayari atengeneze choo, aweke maji ya uhakika, neti isiyo na matundu, na chumba kimoja chenye kufuli ambamo baiskeli kumi zitalala salama. Hilo la mwisho ndilo mgeni ataliuliza kabla ya kuuliza bei ya chumba, maana baiskeli yake ina thamani kuliko kitanda, godoro na mlango vikijumlishwa.

Vijiji navyo vina nafasi yake, ila visikosee mahali pa kuchukua fedha. Kijiji hakina haki ya kuweka kamba barabarani na kudai ushuru wa kupita, na kikijaribu kitaua biashara kabla haijazaliwa. Kinachoweza kuuza ni kiwanja cha kupiga hema, maji safi, kuni, mlinzi wa usiku na kijana anayeijua njia. Kilosa ina mfano wa karibu. Tangu mwaka 2012, katika mradi wa mkaa endelevu uliosimamiwa na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania pamoja na MJUMITA, vijiji kadhaa vya wilaya hii vilipanga misitu yao, vikatoza ushuru wa mkaa wenyewe, na fedha zikaonekana katika madarasa na huduma za kijiji. Kijiji kilichoweza kuandika risiti ya gunia la mkaa hakishindwi kuandika risiti ya hema kumi.

Wapo watakaosema kwamba tunataka Rudewa ibaki na vumbi ili Wazungu wafurahi. Hapana. Barabara ya kutoa mazao iwekwe lami hata kesho, na TARURA wakipata fedha waanze na madaraja. Mkulima asinyimwe lori kwa ajili ya starehe ya mtu. Ila hata lami ikifika kila kata, njia za ndani ya mkonge, za kwenda mashambani na za kupanda Ukaguru zitabaki za udongo kwa miaka mingi. Hizo ndizo tunazozizungumzia.

Na wapo watakaouliza kama mgeni atapita salama. Kwa upande wa Mikumi jibu letu ni fupi: barabara kuu inakatiza hifadhi kwa kilometa kama 50, na malori na tembo ni wengi. Baiskeli zipakiwe kwenye gari. Kwa upande wa Rudewa, Kimamba na bonde la Mkondoa, mwongozaji aende kwanza ofisi ya kijiji, aandikishe kundi lake, awaambie wafugaji na wakulima ni siku gani watu watapita na kwa njia ipi. Mgeni atakayekutana na ng'ombe mia mbili kwenye njia nyembamba ashuke, asubiri pembeni upande wa chini wa upepo, asipige kengele. Vijana wa hapa wanajua hayo tangu wakiwa wadogo, na ni ujuzi unaolipiwa.

Anayepeleka wageni kwa malipo ajue kwamba ni biashara ya utalii na ina leseni yake, TALA, chini ya Sheria ya Utalii ya 2008. Kijana anayekodisha baiskeli mbili kwa majirani si sawa na kampuni ya safari, lakini siku atakapotangaza safari ya Gombo kwa simu yake na kupokea malipo ya awali, ofisi ya maliasili ya wilaya itamwuliza karatasi. Njia rahisi ni vijana kadhaa kujiunga na mwenye leseni, wakakubaliana kwa maandishi kwamba kulala, kula na fundi ni vya Rudewa na Kilosa, na yeye abaki na usafiri na kutafuta wateja.

Kwa wauza vipuri wanaoshuka Kariakoo wiki hii: tyubu za 29 zenye vali nyembamba ndefu, viraka na gundi, na mipira ya breki. Tairi za 28 Rudewa zipo za kutosha.